Mwanangu ni mmisionari wa Mormoni, amemwagiwa maji ya dagaa. Nimwambie arudi?

Mama Mutua (Makueni) ameuliza:

Hamjambo wote. Naandika usiku kwa sababu mchana sipati nafasi, na kusema kweli kwa sababu silali.

Mimi nalima ndengu na mbaazi, na siku za soko nauza mboga. Nimekulia AIC, na mpaka leo naimba kwaya. Kijana wangu wa kwanza aliingia Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, hawa tunaowaita Mormoni, akiwa kidato cha tatu. Sikumzuia. Nilienda kumwona akibatizwa, nikamshikia taulo. Mjomba wake hajanisalimia sawasawa tangu siku ile.

Mwezi wa pili mwaka huu aliitwa misheni, miaka miwili, Tanzania. Ana miaka 19. Sasa yuko Mwanza. Kila Jumatatu hunipigia simu ya video, maana ndiyo siku yao ya kufua, kununua chakula na kuongea na watu wa nyumbani. Wiki zote aliniambia, "Mum, niko sawa."

Jumatatu iliyopita aliegemeza simu dirishani huku anafua. Nikaona shati moja analifua, analinusa, analirudisha kwenye karai. Analifua tena, analinusa, analirudisha. Nikamuuliza, hilo shati lina nini? Akanyamaza kwanza, halafu ikatoka yote.

Walikuwa wanapanda njia ya mawe katikati ya nyumba, yeye na mwenzake kutoka Zambia. Kule juu kulikuwa na mwanamke barazani kwake anaosha dagaa. Aliwaangalia mpaka wakafika chini yake, ndipo akamwaga. Akasema, "Frimasoni nyie, tafuteni njia nyingine." Vijana waliokaa pale karibu wakapiga makofi. Mtoto wangu akajifuta uso, akamwambia "samahani mama", wakaendelea kupanda.

Kumbe si mara ya kwanza. Baiskeli imetolewa upepo mara tatu. Kuna mzee aliyepokea vijitabu vyao kwa mikono miwili, vizuri kabisa, halafu akavitia kwenye jiko la mkaa mbele ya macho yao. Watoto wamefundishwa kuwaimbia wimbo wa shetani wakipita. Wanamcheka kwamba kanisani anaitwa Mzee na hana hata ndevu.

Hakuna aliyempiga. Ndiyo maana sijui hata nimlalamikie nani. Lakini nimemzaa mimi, nimemwona akinusa lile shati.

Ninaomba mliopitia haya, au mnaowajua waliopitia, mniambie ukweli. Hii ni kawaida? Naweza kuomba arudishwe? Na Jumatatu akipiga nimwambie nini? Wanaotaka kunieleza kwamba dini yake ni ya uongo, mjomba wake ameshanieleza.

---

Ilala_Mpaka_Nakuru amejibu:

Mama Mutua, salamu kutoka Dar. Nimesoma mara mbili, nikamsomea na mke wangu. Nakujibu kirefu kwa sababu mimi nilikuwa kijana wa hivyo hivyo, ila kinyume chake: Mtanzania niliyetumikia Kenya, kuanzia Machi 1999 hadi 2001.

Ndiyo, ni kawaida. Nakwambia hivi ili ujue mwanao hakukosea kitu, maana wakati ule mimi nilijilaumu sana. Kila tulipofukuzwa nilikuwa nikilala najiuliza ni neno gani nililotamka vibaya.

Wewe ni Mkenya, huenda unakumbuka ile tume ya kuchunguza uabudu shetani. Rais Moi aliiunda 1994, mwenyekiti akiwa Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Kanisa Katoliki. Ripoti ilitoka hadharani 1999, mimi nikiwa na miezi michache tu misheni. Ndani yake yalitajwa makundi ya kidini yaliyotoka nje, kwamba waabudu shetani wameyaingilia na kuyafanya milango: Mashahidi wa Yehova, Christian Science, na sisi. Kanisa letu lilikuwa limesajiliwa Kenya mwaka 1991 tu, watu wengi walikuwa hawajawahi kukutana na hata muumini mmoja. Kitu cha kwanza walichosikia juu yetu kikawa ni hicho.

Mji tuliokuwamo ni wa Bonde la Ufa, siutaji. Mwenzangu alikuwa Mmarekani, pua imeungua jua inabambuka. Asubuhi moja tulikwenda dukani tulikozoea kununua mkate. Mama mwenye duka alikuwa akitutania kila siku, ananicheka Kiswahili changu cha "tafadhali naomba". Siku hiyo hakusema kitu. Alitoa mkate akauweka mwisho wa meza. Nilipoweka sarafu hakuzishika. Alichana kipande cha gazeti, akaziokota nacho moja moja, akazitumbukiza kwenye kikombe cha maji ya chumvi. Nilizisikia zikigonga chini ya kikombe. Nilikuwa na miaka 20. Nimewahi kurushiwa mawe baada ya hapo, na mawe nimeyasahau, lakini mlio wa zile sarafu ninao mpaka leo.

Kwa hiyo ukiniambia hakupigwa, ila umemwona akinusa shati, nimekuelewa.

Sasa la pili, ambalo naomba umwambie Jumatatu kwa maneno haya haya. Si kila mlango unaofungwa umefungwa kwa chuki. Mwingine tunaufunga sisi wenyewe bila kujua. Kanisani kwetu kuna Neno la Hekima, ni la tangu 1833, hatunywi pombe, hatuvuti sigara, hatunywi kahawa wala chai. Sasa nchi zetu hizi unaingiaje nyumba ya mtu usinywe chai? Tulikaribishwa kwa mzee mmoja mstaafu wa reli. Mkewe akaleta vikombe vitatu, chai ya maziwa, tangawizi unaisikia tangu mlangoni. Mwenzangu akasema kwa upole wote, kwa Kiswahili chake alichokariri, "Asante, sisi hatunywi chai." Akafikiri amemaliza. Mzee hakujibu. Tuliendelea kusoma maandiko, na mimi naangalia kile kikombe changu kinavyoota utando juu, mpaka utando ukakunjamana. Mama wa watu akaja akavibeba vikombe kimya kimya. Safari iliyofuata tulikuta mbwa wamefunguliwa.

Mwenzangu alisema ni ile ripoti. Mimi nilijua ni kikombe. Kukataa chai ya mtu bila maelezo ni kumwambia unamdhania vibaya, kwamba labda ameweka kitu. Tangu hapo nikawa nawahi. Tukifika tu, kabla jiko halijawashwa, nasema, "Mama, mimi nina mwiko wa chai na kahawa, lakini ukinipa maji ya moto au uji nitamaliza sufuria." Neno "mwiko" lilifanya kazi kuliko mafundisho yote. Kila ukoo una mwiko wake, huyu hali kondoo, yule hali kambale, na hakuna aliyewahi kuniuliza zaidi. Nilikunywa uji misheni ile mpaka nikanenepa.

La tatu ni la Mwanza hasa. Je, wamejitambulisha kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na kwa mjumbe? Wageni wawili wenye mashati meupe na tai wanapita kila siku kwenye vichochoro, hakuna anayejua wamelala wapi wala wametumwa na nani, wakati watu wetu wamelelewa kwa hadithi za mumiani. Lazima maneno yazuke. Kanisa limesajiliwa Tanzania tangu 1992, si jambo la kujificha. Waende, wakae kwenye benchi, wasubiri zamu yao kama raia wengine, waeleze. Mwenyekiti akishasema "hao nawafahamu", nusu ya maneno huisha. Hata yule mama wa dagaa atafika kwenye kikao cha mtaa kama wengine.

Kuhusu kurudi: anaweza kurudi wakati wowote akitaka, hafungwi na mtu. Lakini liwe lake. Kuna mpaka pia, na mpaka huo umweleze bila kumung'unya. Matusi, maji, upepo wa baiskeli, anaweza kuvumilia. Akishikwa mwili, akifuatwa usiku, akioneshwa silaha, asivumilie kitu. Ampigie rais wa misheni, yaani kiongozi wa wamisionari wa eneo lao, saa hiyo hiyo. Sisi kuna mtu alikuja mlangoni na panga. Tulihamishwa mji baada ya siku mbili, na hakuna aliyetuambia tumekuwa waoga.

Na wasiachane. Sheria ya kutembea wawili vijana huiona usumbufu mpaka siku inapokuwa na maana. Mwaka 1879 kule Georgia, Marekani, wamisionari wawili, Joseph Standing na Rudger Clawson, walizingirwa na kundi la watu barabarani. Standing akapigwa risasi akafa. Clawson wakamgeuzia bunduki, akakunja mikono yake akawaambia wapige. Hawakupiga. Akaenda kutafuta msaada, akamrudisha mwenzake nyumbani Utah akazikwe kwao. Walioshtakiwa waliachiwa. Sikuandikii hili kukutisha, mambo ya Mwanza hayafanani na hayo hata kidogo. Nakuandikia kwa sababu usiku ule baada ya panga, mwenzangu aliyebambuka pua alinisimulia kisa hicho, kisha akavuta godoro lake akaliweka karibu na mlango, akalala hapo. Hatukuwa marafiki hata kabla ya hapo, tulikuwa tunagombania zamu ya kupika. Sasa hivi nikipata shida yeye ndiye wa kwanza kumwandikia.

Jambo la mwisho, kisha niwaachie wengine. Wakati wetu tulikuwa tunaruhusiwa barua kila wiki, na simu nyumbani ni Krismasi na Siku ya Mama tu. Nyumbani kwetu simu haikuwapo. Mama yangu hakujua lolote mpaka niliporudi. Simu za kila wiki zimeruhusiwa tangu 2019. Mwanao ameweza kukwambia akiwa bado yumo ndani yake. Msikilize tu, usimkatize.

---

Mkweli_Daima amejibu:

Pole mama. Lakini tuseme yote. Hili ni kanisa lililowanyima watu weusi ukuhani mpaka 1978. Mtu akiwafungia mlango kwa sababu hiyo mtaita mateso?

Ilala_Mpaka_Nakuru amejibu:

Hapana, hilo siliiti mateso, na mtu akinifungia mlango kwa hilo namheshimu. Ni kweli. Brigham Young, rais wa pili wa kanisa, alilitangaza katazo hilo 1852, likadumu mpaka Juni 1978 wakati wa Spencer W. Kimball, rais wa kanisa wa wakati huo. Mwaka 2013 kanisa lenyewe lilichapisha maelezo na kuzikana sababu zilizokuwa zikitolewa zamani, kwamba weusi wamelaaniwa na mengine ya namna hiyo. Mimi nililijua kabla ya kubatizwa na lilinichukua mwaka mzima. Kuna mtu anaitwa Elijah Abel, mweusi, alipewa ukuhani 1836 kabla ya katazo, akatumikia misheni tatu, akafa 1884 mara baada ya kurudi kutoka ya mwisho. Alitumikia mpaka mwisho ndani ya kanisa lililowazuia ndugu zake. Nikiulizwa swali lako mlangoni nilikuwa nalijibu hivi hivi, bila kupunguza. Mara nyingi mazungumzo yaliishia hapo, na aliyeuliza alikuwa na haki ya kuyamaliza.

Ila maji ya dagaa hayakuwa swali.

---

Baba Zuhura (Tanga) amejibu:

Mimi ni Muislamu, na nilikuwa upande wa pili wa jambo hili, kwa hiyo nimeona nisipite kimya.

Miaka kama saba iliyopita walikuja vijana wawili mtaani kwetu, mmoja Mkenya kama mwanao. Siku ya kwanza walibisha hodi jua linazama, natoka kutia udhu niwahi magharibi. Nikawajibu vibaya. Siku ya pili walikuja mchana, sipo, wakamkuta binti yangu wa miaka 14 uani, wakasimama nje wakazungumza naye. Hawakuingia, hilo nilithibitisha baadaye. Lakini mimi nilipoambiwa niliona giza. Niliwaambia vijana wa kijiweni, hao wakipita tena wapeni adabu.

Adabu yenyewe ikawa kutolea upepo baiskeli yao. Niliiona kwa macho yangu nikiwa nimekaa kwa muuza kahawa. Yule Mkenya aliinama, akatafuta kifuniko cha valvu mchangani, kidogo kama punje ya mahindi. Alikitafuta muda mrefu, suruali nyeusi imejaa mchanga magotini, na sisi watu wazima sita tunaangalia. Mimi nilikuwa nimekiona kilipoangukia. Sikumwonesha.

Mama Mutua, hilo limenikaa. Si kwamba nimebadili msimamo wangu, sitaki mtu anifundishie watoto dini nyingine, na nitasema hivyo kwa yeyote. Lakini lile nililofanya halikuwa kulinda nyumba. Kijana yule alikuwa na mama yake mahali fulani kama wewe.

Ushauri wangu kwa mwanao: asibishe hodi nyumba za watu magharibi. Mwezi wa Ramadhani apumzike kabisa na milango. Akimkuta mwanamke au mtoto peke yake, asalimie, aulize baba atakuwapo lini, aondoke. Na aanze na salamu ndefu, aulize hali, asikimbilie kitabu. Sisi watu wa huku tunamsikiliza mtu aliyetusalimia. Na wewe nisamehe, ingawa siye mwanao niliyemkosea.

---

Sister_wa_Kampala amejibu:

Mama Mutua, niko upande wako. Mimi ni Mkenya, nilitumikia Uganda miezi 18. Kwa sisi wasichana maji machafu ni nadra. Yetu ni wanaume. Wanashika mkono hawauachii, wanaomba namba, wanasema watabatizwa ukikubali kuolewa. Kuna mmoja alitufuata wiki nzima na gari akiendesha polepole nyuma yetu. Nilikaa nayo siku tano nikifikiri kuvumilia ndiyo imani. Siku nilipomwambia mke wa rais wa misheni tulihamishwa kesho yake, na alinikemea kwa nini nilichelewa.

Kwa hiyo muulize wazi: "Kuna ambalo hujaniambia?" Halafu nyamaza, hata dakika nzima. Mama yangu hakuuliza. Alikuwa anaogopa jibu, ameniambia hivyo mwenyewe.

---

Mama Mutua (Makueni) amejibu:

Nimesoma zote. Asanteni, na Baba Zuhura, wewe Mungu akubariki. Nililia nilipofika pale kwenye kifuniko.

Leo ni Jumatatu, amepiga. Niliuliza vile Sister alivyosema nikanyamaza. Akasema hakuna la kushikwa wala kufuatwa. Ila alisema jambo ambalo sikulitarajia: kinachomuuma zaidi si yule mama, ni kwamba mwenzake Mzambia hajui Kiswahili vizuri, kwa hiyo matusi yote anayaelewa yeye peke yake, na mwenzake akiuliza "wamesema nini?" huwa anamwambia "wametusalimia". Miezi minne amekuwa akiyabeba peke yake ili mwenzake asiumie. Nilimwambia amweleze leo leo. Akasema atajaribu.

Suala la mwiko wa chai limemchekesha, anasema ndiyo sababu ya mzee mmoja kule juu kuwakasirikia, sasa ameelewa. Kesho wanaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Hatarudi. Nilimuuliza mara moja tu.

Shati bado linanuka. Ameanika juani, amefua kwa sabuni ya kipande, ametia limau. Ana mashati manne tu na hili ndilo zuri. Mlio kanda ya ziwa, mnatoa vipi harufu ya dagaa kwenye pamba nyeupe?